Nusura nifute sauti ya marehemu baba mkwe kwa kiherehere changu cha Linux

Wakuu, mambo vipi. Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sitii chumvi. Mke wangu yupo pembeni anasoma ninavyoandika, hata nikitaka kudanganya sina pa kupitia.

Miaka ile CD za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, zilikuwa zinatumwa bure kwa posta. Mimi nipo Mikumi, nina kibanda cha kuchapa na photocopy. Nikaagiza, zikaja, nikafuta Windows yote kwenye mashine yangu ya nyumbani. Virusi kwaheri! Kuanzia hapo nikawa mhubiri, mpaka wateja wakaanza kunikwepa.

Siku moja mama mkwe akapiga simu kutoka Kilosa. Desktop ya marehemu mzee imeingia virusi, mafolda hayaonekani, na fundi wa mjini kasema dawa ni kupiga format, yaani kufuta kila kitu.

Humo ndani mzee alijirekodi kabla hajafariki, akiwasimulia wajukuu jinsi ukoo wao ulivyoshuka kutoka milimani. Kopi nyingine hakuna. Nikamwambia mama asiruhusu mtu aiguse, nakuja.

Kesho yake asubuhi mimi na mke wangu Neema tukapanda basi. Tumefika, shikamoo mama, marahaba, tukaletewa maji. Mashine iko wapi? Chumbani kwa mama!

Mnaojua heshima ya ukweni mmeshanielewa. Mkwe wa kiume hakanyagi chumba cha mama mkwe. Nikaomba itolewe sebuleni.

"Mzee aliiweka pale kwa mikono yake," mama akasema. "Haitoki."

Ikabidi Neema aingie na CD, mimi nisimame kwenye korido nje ya pazia, namwelekeza kwa mdomo.

Hapa ndipo kiherehere kiliponiponza. Ilitakiwa tuwashe Linux kutoka kwenye CD tu, bila ku-install, tukopi mafaili basi. Lakini nilitaka nionekane mkwe wa maana, nimwachie mama mashine isiyosumbuliwa na virusi. Nikasema tu-install kabisa, pembeni ya Windows.

Nikaanza kukariri. Bonyeza Forward. Tena Forward. Chagua ya juu, Forward.

"Baba Joshua," Neema akaita, "hapa wameandika erase. Erase si kufuta?"

Wee! Kumbe nilikuwa nakariri hatua za mashine yangu, ile niliyofuta kila kitu!

"Usiguse! Toa mkono kabisa!"

"Mbona unanifokea? Sasa nibonyeze nini?"

Sikujua. Nikajikuta nimeshika pazia.

"Mkwe, unakwenda wapi?" Mama huyo, kutoka sebuleni.

Nilitamani kudanganya, mdomo ukakataa. Nikapiga magoti palepale kwenye korido.

"Mama, nisamehe. Imebaki kidogo tu nifute sauti ya baba. Naelekeza kitu nisichokiona."

Mama alinipita, akaingia, nikamsikia anatandika. Kisha akatoka kuelekea uani na kusema bila kugeuka, "Ingia. Kitanda nimekifunika."

Nikaingia macho chini. Nikazima, nikawasha upya na CD, safari hii ile ya kujaribu bila ku-install. Ilichukua muda jamani, Neema hataki hata kuniangalia.

Nikafungua diski. Mafolda yote yapo! Virusi vilikuwa vimeyaficha tu. Nikabofya rekodi ya kwanza ili nihakikishe.

Spika zikakoroma. Mzee akakohoa, akasema, "Mama Neema, hivi hii mashine inanisikia kweli?"

Uani mama akaitika, "Inakusikia, baba Neema. Ongea."

Tulilia wote, sioni aibu kusema.

Nilikopi kwenye flash mbili, moja nikamkabidhi mama mkononi. Ku-install sikuthubutu tena.

Linux naitumia mpaka leo na bado naipenda. Ila wakuu, kopi kwanza, tena soma kilichoandikwa, acha kukariri. Na kama huoni screen, sema huoni.

Nanyi tupeni yenu. Nani alishawahi kukaribia kupoteza kitu cha mtu kisichorudi? Ulimwambia mwenyewe, au ulinyamaza?