Sindano ya Pili

Wagonjwa walimwita Mama Sindano, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba kile kile cha kliniki ya afya ya akili, chenye pazia la kijani lisilofunga vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka watu wazima na ndevu zao walimuuliza, "Kwani umeshamaliza?" Alijivunia hilo, akijiona nesi asiyeumiza mtu.

Mgonjwa mmoja, Mshonaji, alikuja kila mwezi, akisindikizwa na kaka yake. Alichomwa sindano ya kutuliza kichwa, na kila mwezi wa tatu aliongezwa ya pili, ya kuzuia mimba. Kaka ndiye aliyeitilia saini, enzi zile dada yake alipookotwa stendi akiwa hajijui hajitambui. Baadaye Mshonaji alipata nafuu, akafungua kibanda cha cherehani, akaolewa na seremala. Saini ikabaki kwenye faili. Mwenye mwili hakuulizwa wala kuambiwa ni ya nini, na Mama Sindano, pamoja na upole wake wote, aliendelea kuchoma.

Siku hiyo kaka alibanwa na kazi, Mshonaji akaja peke yake. Alifungua mkoba, akatoa kigauni cha mtoto mchanga chenye lesi shingoni.

"Dada, mwaka wa pili huu nimeolewa, na sishiki mimba. Mume wangu hasemi kitu. Ni ugonjwa wangu umeharibu kizazi, eti?"

Sindano zote mbili zilikuwa tayari kwenye sinia. Mama Sindano alizitazama. Angeweza kusema "Mungu atakupa" na mambo yakaishia hapo, daktari asijue kama ameulizwa, wala kaka. Akapiga moyo konde, akavuta kiti, akaketi.

"Ugonjwa haujaharibu kitu, mdogo wangu. Ni mimi." Akamweleza yote, bila kujitetea, machozi yakimtoka.

Mshonaji alikikunja kigauni taratibu. "Kaka aliogopa," alisema hatimaye. "Mpaka leo nikienda kwake ananikatia nyama vipande vidogo, kama mtoto. Ananipenda. Lakini tumbo ni langu."

"Ni lako. Itachukua miezi kuisha mwilini. Na kabla hujashika mimba, tumwone daktari kuhusu hii dawa nyingine. Mimi nitakuwepo, hata akinigombeza."

Aliitupa sindano ya pili kwenye boksi la taka, akaleta fomu mpya ya ridhaa. Mshonaji aliisoma mstari kwa mstari, kama apimavyo kitambaa kabla ya kukata, akatia saini yake. Kisha akakunja mkono wa blauzi.

"Sijakusamehe, dada."

"Najua."

"Hii iliyobaki ni ya nini hasa?"

Mama Sindano alimweleza mpaka mwisho: inavyofanya kazi, inavyochosha, na kwamba anaweza kuikataa. Halafu akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Nichome?"

Mshonaji alifikiri kidogo. "Nichome."