Weupe wa Jirani

Kila Machi jirani wa ghorofa ya juu, karani mstaafu wa reli, humwita Birthe akaone tovuti yake mpya. Miaka kumi na minne, sura kumi na nne za tovuti ile ile! Vidole vyake vyembamba husogeza kichwa cha ukurasa upana wa unywele kushoto, kisha upana wa unywele kulia, kahawa ikipoa. "Tazama weupe huo," hunong'ona kama yuko kanisani. Zamani ukurasa ule ulikuwa wa kijani cha kuumiza macho, lakini ulitangaza siku ndege wa kwanza aina ya kwezi aliporudi kutoka kusini baada ya baridi, na mtaa mzima pale mjini Aarhus, Denmark, uliusoma.

Mwaka huu Birthe alishindwa kuvumilia. "Na ndege wako wapi, jirani?" "Nitawarudisha," alijibu jirani. "Kwanza nipate herufi zinazowafaa." "Ebo! Mwaka jana ulisema rangi! Watu wanataka kwezi, wewe unawapa ukuta wa chokaa!" Papo hapo kwezi akatua uani, juu ya kisanduku cha kutagia ambacho jirani mwenyewe aliwatundikia ndege, akapiga mluzi. Birthe alimnyooshea kidole ndege yule. Jirani aliinuka, akaenda dirishani, akavuta pazia. "Mwanga," alisema, "unaniharibia weupe."