Sista Sakafu

Mume wangu ni mbishi, na simsengenyi. Hata yeye akisikia hivi atabisha. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa ubishi huohuo. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ilibanduka. Akapasuliwa, akaambiwa alale kifudifudi, baba wa watu akaketi wima kutazama mpira. Kwisha habari yake.

Safari hii lilikuwa la kulia. Hakuwa na jingine la akiba.

Daktari alimweleza vizuri. Ameutoa ute uliokuwa ukiivuta retina, ameilaza mahali pake, amezungushia leza pale ilipotoboka ili ishike, kisha amelijaza jicho gesi. "Gesi hupanda juu. Ukiinamisha uso, inaikandamiza retina mpaka ishike."

Mume wangu ni fundi viatu. "Kama soli," akasema. "Ukipaka gundi usibane, umefanya kazi bure."

Nikafurahi. Wapi! Kuelewa alielewa, shingo ndiyo iliyogoma. Jioni ileile: "Mama watoto, niinuke kidogo tu, nimeze mate."

Ndipo akaja yule nesi, mama mtu mzima, magoti yakimlia kama bawaba kavu. Hakusimama mlangoni kufoka kama mimi. Aliketi sakafuni, chini ya uso wa mume wangu uliokuwa ukining'inia ukingoni mwa kitanda, akaanza kumpigia soga. Wodi nzima inamwita Sista Sakafu. Kumlisha, kule chini. Kumnywesha maji kwa mrija, kule chini. Hata daktari alipokuja kumuuliza hali, Sista alimwambia, "Ukiongea na mgonjwa wangu, keti," naye akakunja suruali yake akaketi. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Siku binti yetu alipomleta mtoto wake mchanga, mjukuu wetu wa kwanza, kitoto kililia palepale mlangoni. Nikaiona shingo ya mume wangu inaanza kunyanyuka.

"Wee!" nikapiga kelele.

Sista alikwishampokea mtoto. Akatandika shuka safi, akamlaza sakafuni chini ya uso wa babu yake. "Atakufuata yeye, baba. Wewe tulia."

Mume wangu hakuona kitu, ukungu mtupu. Lakini Sista alipomwinua mtoto kidogo, kale kamkono kakamkamata pua, na mbishi wangu akalia, mpaka nikawa namfuta mtoto machozi ya babu yake. Kichwa hakikuinuka.

Gesi iliisha yenyewe, taratibu. Siku ya kliniki daktari akasema retina imeshika. Mume wangu akasoma herufi za ukutani kwa sauti kubwa, kwa maringo, kisha akasema, "Sasa nataka nimwone Sista."

Sista akaitwa, akaja akasimama mbele yake bila kusema neno. Mume wangu akampita kwa macho, akainama, akawa anatafuta sakafuni.

"Mbona hayupo?"

Jamani, huyu mama nitamheshimu mpaka nife. Alishika ukingo wa meza, akayakunja yale magoti mabovu polepole, akaketi chini.

"Nipo, baba."

Mume wangu akamtazama weee, kisha akashuka kitini, akaketi naye.