Siku Niliyoazima Mume wa Kliniki

Nichekeni tu, nimeshazoea. Mpaka leo nikipita kijiwe cha bodaboda hapa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, kuna wajinga wananiita "mama wa waume wawili", na ni kweli, kwa saa mbili na ushee nilikuwa nao wawili, mmoja wa ndoa na mmoja wa kuazima, na chanzo chake ni kuwashwa. Ndiyo, huko huko mnakofikiria. Aibu ya kulitaja ilishaniisha siku hiyo hiyo, sina akiba nyingine.

Mimi ni Mnyiha wa Iyula, nimeolewa na Ambwene, Mndali wa Isongole kule Ileje. Ambwene ni dereva wa malori, kwa hiyo mume wangu kwa kiasi kikubwa ni sauti ya simu: leo yuko Ndola, kesho yuko kwenye foleni ya mpaka wa Kongo, Kasumbalesa, keshokutwa hapatikani. Mimi nauza vitenge Tunduma karibu na mpaka. Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano, na hapo ndipo kuwasha kulipoanza, na ute mweupe mzito kama mtindi, jamani, mteja wa Kizambia ananiambia "mayo, mama, nipunguzie", mimi nimejibana nyuma ya mzigo wa vitenge nakanyaga mguu huu, nakanyaga ule, yeye anadhani nacheza ngoma ya kukataa bei.

Sasa nisiwafiche, nilikuwa naogopa. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, na ile nayo ilianza na uchafu wenye harufu, nikanyamaza kwa sababu niliona haya kumwambia mtu, nikanyamaza mpaka siku niliyoamka na uchungu. Kwa hiyo safari hii kila nilipojikuna nilikuwa nasema moyoni, Mungu wangu, naye huyu ataondoka.

Lakini mtu akiogopa ndio akili inamhama kabisa. Badala ya kwenda kliniki nikamweleza jirani yangu Mama Zuhura, mwanamke mzuri wa Kigoma mwenye duka la mchele na jibu la kila kitu. Akasema, "Shoga, hiyo dawa yake ndimu na chumvi, jioshe mpaka ndani, kesho utanishukuru." Nikakata ndimu mbili. (Kwa nini mbili? Sijui, niliona moja haitatosha.) Nikaingia bafuni, nikajiosha, na nilichokumbuka baadaye ni kwamba nimezunguka choo cha uani mara tatu mbio, tumbo mbele, kuku wote wamepanda juu ya kuni, na Mama Zuhura dirishani anapiga kelele, "Hiyo ndiyo inafanya kazi!"

Asubuhi moto ulikuwa mara mbili. Basi, kliniki. Ila pale kituo chetu cha afya wana utaratibu wao, mjamzito aliyekuja na mwenza wake anahudumiwa kwanza, ili wanaume wapate moyo wa kuwasindikiza wake zao. Asiye na mwenza analeta barua ya mwenyekiti wa mtaa na anakaa foleni kama kawaida. Barua ninayo, mwenyekiti ananijua. Tatizo ni foleni. Mara ya mwisho nilikaa kwenye lile benchi la mbao mpaka saa saba mchana, na kwa hali niliyokuwa nayo, kukaa kwenye mbao dakika kumi ilikuwa adhabu.

Hapo ndipo nikafanya kale kauamuzi kadogo. Nikamwambia Hosea, kijana wa bodaboda anayenibebea mizigo, mwimbaji wa kwaya, hajaoa, "Hosea mdogo wangu, leo usiniache getini. Ingia na mimi, ukae, usiseme kitu, ukiulizwa sema wewe ndiye mume." Nikamwahidi sahani ya wali na nyama. Nilitegemea atasita. Hakusita. Akavua helmeti, akajifuta uso, akauliza kwa makini, "Nimekuoa kanisani au bomani?"

Tukapita mbele ya foleni nzima. Wenzangu wananikata jicho, mimi nimeshika mkono wa Hosea, natembea miguu imeachana kidogo kwa sababu zangu. Nesi wa siku hiyo alikuwa mgeni, mama mmoja mnene mchangamfu kutoka kanda ya ziwa, akamfurahia Hosea kupita kiasi. "Baba huyu! Ndio wanaume tunaowataka." Akamwandika kwenye kadi yangu. Kwa kalamu ya wino.

Nikaeleza shida yangu kwa sauti ya chini, pamoja na zile ndimu mbili. Nesi akaniuliza kuna harufu? Hakuna. Maumivu ya tumbo? Damu? Maji yanachuruzika? Hakuna. Akaniambia si kila kuwashwa ni fangasi, tupime kwanza, nikapimwa, na kweli ikawa fangasi. Akasema wajawazito wengi hupata, mwili unabadilika tu, si uchafu na si uhuni, na dawa salama ipo. Mimi machozi yakanilenga kwa nafuu, na mambo yangeishia hapo, ningekuwa sina cha kuwasimulia. Ila nesi akamgeukia Hosea. "Na wewe baba, unawashwa?"

Nilimkanyaga. Lakini Hosea alishaingia kwenye uigizaji, akaona mume mwema hawezi kumwachia mkewe mateso peke yake. "Nawashwa sana," akasema. "Usiku silali."

Akapelekwa maabara. Mimi nikabaki nimeshika kichwa. Alivyorudi (uso umempauka, sijui walimwomba nini, na mimi sikumuuliza) nesi akatuchukua wote wawili mpaka barazani, ambako mabenchi yanatazamana, upande huu wajawazito, upande ule wazee wa presha na sukari, akapiga makofi. "Jamani, somo la leo lina mfano hai. Baba, waeleze wenzako." Na Hosea, ambaye kanisani huwa wanamnyima kipaza sauti, akapewa baraza zima.

"Ndugu zangu," akasema, "mke wangu huyu hapa aliwashwa, akajiosha na ndimu!" Baraza likaguna. "Ndimu mbili!" Nesi akadakia, "Mnasikia? Ndimu hapana, chumvi hapana, kitunguu saumu hapana, sabuni ya kunukia hapana. Ndani hakuoshwi, kunajisafisha kwenyewe. Nje, maji matupu yanatosha. Ukijifuta, toka mbele kwenda nyuma. Chupi ya pamba isiyobana, uianike juani, acha kuificha chini ya kitenge." Wajawazito wanaitikia. Mimi natazama sakafu, naiomba ipasuke. "Na vidonge vya fangasi vya kumeza usinunue dukani ukiwa na mimba, njoo uandikiwe."

Halafu nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi nakijua. Ni cha mara mbili, kinasimama, halafu kimoja cha kumalizia. Ni cha baba mkwe wangu, ambaye nilidhani yuko Isongole anapalilia mahindi, kumbe kaja kuchukua dawa zake za presha, na alikuwa pale mkabala, kofia magotini, ametazamana na sisi tangu neno la kwanza.

Sasa lazima niwaambie, kwa Wandali wanaoshika mila, na nyumba ya mume wangu wanashika, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso. Akija nyumbani mimi naingia jikoni. Tukikutana njiani mimi naingia shambani. Simsalimii, simpi kitu mkononi, na jina lake silitamki hata nikiwa peke yangu. Kwa hiyo miguu yangu haikuningoja. Nikavuta kanga kichwani, nikapiga magoti, nikaingia chini ya benchi la wajawazito. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakataa.

"Mke wangu, vipi?" Hosea akainama. Nikamnong'oneza, "Yule mzee ni baba yake Ambwene!" Mtu mwenye akili angekimbia. Hosea akapiga hesabu zake, mume ni mimi, baba wa mume ni baba yangu, akavuka baraza akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo baba! Za Isongole?"

"Marahaba," mzee akasema polepole. "Mwanangu ninayemjua mimi yuko Kasumbalesa."

Mzee akasimama, akageukia ukuta kwa heshima, maana na yeye hakutakiwa kuniona. Mimi nimegeukia miguu ya benchi. Nesi katikati, haelewi chochote.

"Nesi," mzee akauambia ukuta, "muulize huyo mama aliyeko chini, huyu kijana ni nani."

"Mama, unaulizwa huyu kijana ni nani."

"Nimesikia, nesi."

"Basi mjibu, si huyo hapo?"

"Siwezi kumjibu, ni baba mkwe! Mwambie baba kwamba huyo ni bodaboda."

"Anasema ni bodaboda," nesi akatangaza. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu!"

"Muulize, bodaboda anatafuta nini kwenye kadi ya mke wa mwanangu."

"Mwambie baba, nilikuwa nawashwa."

Nesi akaona mzee hasikii vizuri, akapaza sauti mpaka getini. "ANASEMA ALIKUWA ANAWASHWA!" Loo! Kicheko kilichopasuka hapo, nasikia walioko kwenye chanjo waliacha watoto mezani. Nikapiga kelele kutoka chini, "Mwambie ni foleni! Mwambie mwenye mume anaingia kwanza, na mimi nilishindwa kukaa, na wangu hayupo!" Hapo kwenye hayupo nikaanza kulia huku nimebanwa, kilio kibaya cha makamasi, na kichwani naiona ndoa yangu inapanda lori inaondoka.

Mzee hakucheka. Akasema, "Muulize. Ile mimba ya kwanza, nayo ilianza na ugonjwa wa namna hii?"

Nesi safari hii hakupaza sauti, aliinama mpaka karibu na sikio langu. Nikasema haikuwa hivi hivi, ile ilikuwa na harufu, nilinyamaza.

"Muulize kwa nini alinyamaza."

"Mwambie baba, niliona aibu."

Nesi akasema pale pale, na mimi na mzee wote tukisikia, kwamba ile ya kwanza hakuna anayeweza kujua kwa hakika ilitokaje, nisijihukumu, ila harufu mbaya, maumivu au damu ukiwa na mimba ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi mengine huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa ule ukuta.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "kaburi la yule wa kwanza nililichimba mimi kwa mkono wangu, nyuma ya migomba. Mwambie mimi sitaki aibu yake. Mimi nataka mtoto."

Hakuna aliyecheka tena. Hosea na mwanaume mwingine wakainua benchi, mimi nikatoka kinyumenyume, kanga usoni, mzee bado kaukazia macho ukuta. Halafu akamwambia nesi, "Hapo penye jina la msindikizaji, mfute huyu wa pikipiki. Niandike mimi." Akaomba simu apige Kasumbalesa, na siku hiyo ikapatikana (nikipiga mimi huwa haipatikani!), akamwambia mwanawe maneno machache tu: "Mkeo kaazima mume kwa sababu wa kwake haonekani. Rudi." Majibu ya Hosea yakatoka pia. Hana ugonjwa wowote, isipokuwa presha ilikuwa imepanda.

Nilipewa vidonge vya kuweka ukeni, kimoja kila usiku wakati wa kulala, kwa mkono uliooshwa. Siku ya tatu kuwasha kukaisha, nikatamani kuacha, nikamkumbuka yule nesi na sauti yake, nikamaliza dozi yote. Ambwene alifika wiki hiyo hiyo na furushi la samaki wakavu na uso wa mtu aliyesemwa na baba yake. Mimba ikafika miezi tisa. Na kila kliniki mzee alikuwa anatoka Isongole na basi la alfajiri, anakaa mwisho wa benchi la wazee, kageukia ukuta, na mimi naitwa wa kwanza, maana kwenye kadi msindikizaji wangu yupo.

Kuazima mume nimekoma. Ndimu naweka kwenye samaki tu. Nikijisikia vibaya huko chini nasema mapema, tena kwa sauti, na Mama Zuhura nimeshampeleka mwenyewe kwa yule nesi akafundishwe upya. Mtoto ni wa kiume, Ambwene akampa jina la mzee, babu yake, kwa hiyo mimi mama yake mzazi siwezi kulitamka, namwita Baba. Siku ya chanjo nesi akiniuliza mtoto anaitwa nani nampa kadi asome mwenyewe, anasoma kwa ile sauti yake ya mpaka getini, na kule ukutani mzee anaitika, "Naam!"