Kitambaa cha Skolastika

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Heru Juu, mwanangu, siku ya harusi ya dada yangu Veronika. Nilikuwa kijana mwenye suruali mpya, na moyo wangu ulikuwa umeshatangulia ngomani.

Kazi yangu ilikuwa kulinda koki ya maji. Bomba la kijiji lilitoka kwenye chemchemi likagawanyika: tawi moja likaenda kwenye tangi langu, jingine kwenye tangi la Skolastika, mlinzi mwenzangu wa kilima cha pili. Koki moja ikifungwa, maji yote huenda upande wa pili. Zikifungwa zote mbili, bomba hupasuka na kijiji kizima kinarudi mtoni na ndoo. Kwa hiyo tulikubaliana: anayefunga apandishe kitambaa chekundu, mwenzake akione.

Tangi langu likajaa, likaanza kumwagika. Nikatazama ng'ambo, sikuona kitambaa. Basi, yake iko wazi! Nikashika koki.

"Buretse, mwana wanje, subiri," akasema Mzee Bukuru, fundi aliyenifundisha kazi. "Umejuaje kama hajafunga?"

"Sijaona kitambaa, mzee."

"Na kilima chenyewe unakiona?"

Nikatazama tena: ukungu mtupu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na asubuhi ile mimi nilikuwa nimenyoa.

"Acha yamwagike," akasema. "Nyasi zikinywa, hakuna atakayelia. Bomba likipasuka, wageni wa dada yako watapikiwa kwa maji gani?"

Tukangoja, suruali ikalowa hadi magotini. Jua lilipotawanya ukungu, kitambaa cha Skolastika kile pale, kinapepea! Alikuwa amefunga zamani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Maharage yakaiva, ugali wa muhogo ukasongwa, nami nikacheza na tope langu hadi jioni.

Baadaye Mzee akageuza utaratibu: kitambaa kikae juu koki ikiwa wazi. Usipokiona, iwe ni ukungu au mwenzako amefunga, usifunge yako. Ukikiona, mpungie kwanza ajue unataka kufunga, naye akupungie kwamba ataacha yake wazi, ndipo ushushe chako na kufunga.

Sasa wewe unakwenda chuoni kusomea mitambo inayojiendesha, kila mmoja mahali pake, bila bwana mmoja anayeona yote. Nimefurahi mno! Basi shika hili: tenga unachokijua na unachokidhania. Jiulize pia mwenzako anajua nini juu yako. Na usipojua, chagua hasara ndogo inayorekebishika. Nenda, mwanangu. Mungu akupe wenzako waaminifu, na ulimi usioona haya kusema "sijui".