Sarafu ya Bibi Chilewa Niliyoing'arisha

Nikikutana na mtu wa kanisani kwetu hapa Chang'ombe natazama chini, maana najua anachokumbuka, na simlaumu, ningekuwa yeye ningecheka pia.

Mimi ndiye mwenye meza ya mnada baada ya ibada. Watu wakitoa sadaka ya vitu, kuku, zabibu, mayai, mimi navipangusa vipendeze halafu nanadi (sauti ninayo, hilo hata wasionipenda wanakubali). Jumapili ile Bibi Chilewa akanipa sarafu ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe, ili yapatikane mabati ya kuezekea darasa la watoto. Ilikuwa nyeusi, na picha ilipigwa pembeni huko kiwandani, nusu ya kichwa imetoka nje.

"Mjukuu wangu, ndicho nilicho nacho."

Nikamwonea huruma, nikaona watamcheka, basi nikaingia jiko la kanisa, nikachukua jivu na stilwaya ya masufuria, nikasugua upande mmoja, ukang'aa, nikaona vibaya kuuacha wa pili.

"Oneni inavyometameta!" nikapaza sauti. "Kama imetoka kiwandani leo!"

Bwana Ernest, mtumishi wa serikali anayekusanya sarafu (sikujua kwamba Bibi alishamwonyesha, na kwamba amekuja kwa ajili hiyo), akasimama sijamaliza.

"Dada, nani ameisugua?"

Nikasema ngojeni kidogo, nikakimbilia jikoni, na hapo ndipo nilipojimaliza, nikaipaka masizi na mafuta ya kula ili weusi urudi. Nikamkabidhi. Akaigeuza, akatazama vidole vyake, akainua mkono mweusi juu, kanisa zima likaangua kicheko.

"Mama Rehema, umeikaanga?" akauliza mzee wa kanisa.

Bwana Ernest hakunitukana, lazima niseme haki. Alieleza taratibu kwamba ile picha kupigwa vibaya ndiyo iliyoipa thamani, kwa sababu zinazoponyoka hivyo kiwandani ni chache, ila mikwaruzo yangu imekula ngozi yake na haitarudi.

"Kosa la kiwandani nanunua," akasema. "La jikoni hapana."

Hata hivyo alinunua, kwa bei ndogo mno kuliko aliyomwahidi Bibi. Kabla hajaitia mfukoni Bibi aliomba aishike, akaipangusa kwa khanga, akaisogeza karibu na macho yake mabovu.

"Kumbe kweli kichwa kimekatika. Mimi leo ndiyo nakiona."

Akacheka. Mimi nilishindwa.

Darasa limeezekwa, ila upande wa nyuma bado uko wazi. Sijui kama ni kwa sababu yangu peke yangu, lakini wingu likitanda watoto wanahamia mbele na mimi nakosa pa kutazama.

Nimeapa sisafishi tena kitu cha mtu bila kumuuliza. Jumapili iliyopita niliweka mezani trei ya mayai na uchafu wake wa kuku.

"Mama Rehema, siku hizi umekuwa mvivu," akasema mama mmoja.

Nikainua trei vilevile, nikanadi.