Duara katika Herufi O

Wachimbaji wa kwetu hawasemi shimo. Shimo ni la choo au la taka. Mahali wanaposhukia kutafuta dhahabu wanapaita duara, hata kama pamechimbwa pembe nne na kuta zake zimeshikiliwa kwa magogo. Mume wangu alinifundisha neno hilo mwaka wa kwanza wa rashi, dhahabu ilipoonekana na wanaume wa Tarime wakaacha ng'ombe, maduka, hata chaki, wakakimbilia machimboni. Nilimcheka. Nilimwambia mtu aliyefika kidato cha nne anapaswa kujua duara ni nini.

Duara lao lilititia wakati wa masika. Wenzake watatu walikuwa juu, yeye alikuwa chini. Walichimba siku nne, na kila walichotoa mvua ilikirudisha. Siku ya tano watu wa serikali walisema basi, litaua wengine. Likafukiwa. Mchungaji aliomba akiwa amesimama mbali kidogo, kwa kuiogopa ile ardhi, na sikumlaumu.

Aliyekataa msiba ni mama mkwe. Anaishi Manchira, karibu na bwawa, na turubai lilikuwa limeshafungwa uani kwake. Aliagiza lifunguliwe lirudishwe lilikotoka. Alisema hawezi kumlilia mtoto ambaye hajamwona, na kwamba siku akitolewa ndipo kutakuwa na msiba. Hakuna aliyethubutu kumbishia. Basi msiba wetu ukabaki hivyo, haukuanza wala haukuisha. Ndugu walirudi makwao, nami nikarudi dukani.

Duka langu ni chumba kimoja hapa Tarime mjini, chenye kompyuta na printa mbili, moja mbovu. Nachapa barua, naandika mabango, nachora nembo. Wateja wasiojua walipomuulizia mume wangu nilisema yuko machimboni. Sikuona kama nadanganya. Waliojua walinishangaa kwamba naweza kufanya kazi, na nadhani wengine walinisema vibaya. Ukweli ni kwamba sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, upo lakini si wako. Nilikula kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika, na mara nyingi chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka.

Miezi minane baadaye wale wenzake watatu waliingia dukani pamoja. Mkubwa wao ni mzee wa rika la baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia na kukaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akaeleza shida yao. Walikuwa wameunda kikundi na kukisajili kwa jina la Umoja, jina ambalo wilaya hii imelichosha. Walitaka kuomba ruhusa ya kufufua lile duara. Safari hii wangeshuka kutokea upande wenye mwamba, kwa magogo mazima na pampu ya maji. Waliambiwa barua ya maombi iwe na muhuri na nembo ya kikundi, wakaona nembo hiyo niitengeneze mimi.

"Dhahabu ipo, hatukufichi," mzee alisema. "Lakini kwanza tutamtoa."

Nilijibu sawa. Nilichukua kalamu nikaandika Umoja kwenye daftari la kazi.

Ukutani nina karatasi yenye mifano ya miandiko, na kila mteja huangukia ule ambao siupendi. Ni mwandiko wa madoido, majani yanatoka kwenye kila herufi na mikia inajikunja, niliupata kwenye flash ya jamaa mmoja wa Sirari. Nautumia kwa kadi za harusi. Wakauchagua huohuo. Nilijaribu kuwaeleza kwamba hakuna ofisa atakayewaamini watu wanaoomba kuchimba kwa maandishi ya bibi harusi. Yule wa pili, ambaye amekulia mpakani na anaongea nusu ya Kenya, aliniambia, "Madam, hiyo ndiyo iko sawa." Mzee aliongeza jambo moja tu, kwamba kwenye herufi O niwawekee duara. Nikaandika na hilo.

Niliifanya ile O kwa siku mbili. Herufi nyingine niliziacha na majani yake, lakini O niliivua yote, nikakata mkia, nikainyoosha mpaka ikawa mviringo safi. Herufi O kwenye kompyuta ni mistari miwili, wa nje na wa ndani. Ukifuta wa ndani, tundu linaziba na herufi inajaa. Niliufuta. Kisha nikaijaza rangi ya dhahabu, nikaiwekea mng'ao kidogo upande wa kushoto. Ilipendeza. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na niliihifadhi juu ya ile ya mwanzo bila kubakiza nakala, kosa ambalo humkaripia kila ninayemfundisha.

Waliporudi niligeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea. Yule mdogo wao alivua kofia, na nilidhani ni joto.

"Shemeji," mzee alisema taratibu, "hili limefukiwa."

Sikumwelewa. Alinyanyuka akaweka kidole katikati ya ile dhahabu yangu. Alisema duara ni mdomo, watu wanaingia na kutoka, na mchimbaji yeyote akiona mdomo uliojaa hivi anajua kuna mtu ndani. Yule wa mpakani alisema ofisa atafikiri wanaomba kufukia. Alisema kama mzaha, lakini hata yeye hakucheka.

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemfukia mume wangu kwa kidole kimoja, nikampaka na rangi. Nilingoja niumie, nisiumie. Niliona tu kwamba kioo kina vumbi, nikakifuta kwa kiganja, nikawaambia wakae, nitalirekebisha sasa hivi.

Ule mstari wa ndani ilinibidi niuchore upya kwa mkono. Mzee alisimama nyuma yangu. Tundu lilipofunguka, dogo na la heshima kama la O yoyote ile, nilimuuliza kama linatosha.

"Panua kidogo."

Nikapanua. Akasema tena panua. Nilianza kukasirika, kwa maana herufi ina vipimo vyake, na nikimbana mtu wa machimbo kuhusu magogo yake hawezi kupenda. Nilimwambia nikizidisha hapo O itapoteza sura na jina halitasomeka. Nikamuuliza anataka upana wote huo wa nini.

Alijibu polepole, kwa Kiswahili chake kizito cha Kikurya.

"Mtu kushuka, anashuka amesimama. Huyu tutampandisha amelala."

Mkono wangu ulibaki juu ya kipanya. Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Alikuwa mrefu," nikasema.

Neno "alikuwa" lilinitoka lenyewe. Sikuwahi kulisema, hata kwa mama mkwe. Nilipanua tena, na tena, machozi yakidondoka kwenye vibonyezo, mpaka ile O ikawa ukanda mwembamba wa dhahabu unaokanyaga majani ya M upande mmoja na ya J upande wa pili. Kwa jicho la fundi ilikuwa imeharibika kabisa. Nilichapa nakala tatu, mzee akazikunja akazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Ruhusa ilitoka, na walimtoa kabla ya masika kurudi. Walimfunga kwenye turubai na kamba sita, wakampeleka Manchira kwa mama yake. Mama mkwe alilia kwa sauti siku mbili, watu wakajaa uani, na msiba ukawa msiba. Mimi nilikaa kando yake bila kulia sana. Tuliporudi kutoka kaburini waliniletea ugali wa mtama na nyama, nikala, nikaomba tena. Nilikuwa na njaa kali ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi, na wanawake walipoanza kunitazama niliendelea kula.